Kutoka kwenye simu hadi kwenye jiliwa: wiki sita za kumwandaa kijana wa Lubumbashi kwa kazi ya mikono

Kijana analetwa atelie (karakana) na mzazi Jumatatu, Alhamisi hayupo tena. Mzazi anasema ni uvivu, patro, mwenye atelie, anasema ni simu. Kwa sehemu kubwa wote wawili wamekosea. Kijana aliyekaa miaka mitano akitelezesha kidole juu ya kioo hajapoteza akili wala nguvu. Ila kuna mambo manne ambayo mwili wake haujawahi kuombwa kuyafanya: kutoa nguvu kwa kiasi, kupima kwa milimita, kuishi na kosa lisilofutika, na kusimama saa nzima mbele ya kitu kimoja kisichobadilika. Atelie inamdai yote manne siku ya kwanza, mbele ya wenzake wanaomcheka. Anakimbia.

Jambo hili si la Katanga peke yake. Mwaka 2018 Roger Kneebone, profesa wa elimu ya upasuaji katika Imperial College London, alilalamika hadharani kwamba wanafunzi wa udaktari wanafika na alama nzuri za mtihani lakini mikono yao haijui kukata wala kushona. Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulipima nguvu ya kiganja cha vijana, na wanaume walio chini ya miaka 30 walikuwa dhaifu kuliko vipimo vya mwaka 1985. Hakuna aliyethibitisha kwamba simu peke yake ndiyo chanzo. Lakini dawa haingoji jibu hilo: mikono hujifunza ikipewa kazi kwa mpangilio unaofaa.

Mwongozo huu ni wa wazazi, kaka na dada wakubwa, na mapatro wanaopokea vijana wa miaka 16 na kuendelea. Unahitaji kona moja ya lupango (kiwanja cha nyumba) yenye kivuli, saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki.

Kwanza jua unaanzia wapi

Usimuulize kijana kama anapenda kazi. Mpe jaribio la saa moja, kimya, bila kumsaidia. Mpe kipande cha mbao laini cha upana wa sm 8, mwambie achore mistari mitatu yenye umbali wa mm 45 kati ya mmoja na mwingine, kisha akate kwa msumeno kwenye mstari wa kati. Mpe misumari kumi ya sm 5 aipigilie kwa mstari ulionyooka. Mwisho mpe waya wa kufungia betoni, sm 30, na koleo, aunyooshe kisha aukunje kuwa pembe nne yenye pande sawa.

Angalia namna anavyofanya, matokeo yana nafasi ndogo. Ameshika nyundo karibu na kichwa? Anaogopa kidole chake na hajui uzito wa nyundo. Amechora mistari kwa kuanzia kila mara kwenye mstari uliotangulia? Kosa la milimita moja litajirudia na kukua, kwa hiyo hajui kupima kutoka chanzo kimoja. Msumeno umeingia vizuri kisha ukapotea upande? Anatazama meno ya msumeno badala ya mstari ulio mbele yake. Na kama ameinuka mara nne kutazama simu ndani ya saa moja, andika hiyo pia.

Pima macho siku hiyohiyo. Asome namba ndogo za mita akiwa ameiweka sm 40 kutoka usoni, kisha asome maandishi ya kalenda ukutani kwa umbali wa mita 5. Akikunja uso kwa mojawapo, mpeleke kwa daktari wa macho kabla ya yote. Wako vijana wanaoitwa wazembe miaka mizima kumbe hawauoni mstari.

Halafu simu. Kwenye simu nyingi za Android kuna sehemu ya mipangilio inayoitwa Bien-être numérique kama simu iko kwa Kifaransa. Kwenye iPhone ni Temps d'écran. Humo kuna saa za kila siku na idadi ya mara simu ilivyofunguliwa. Idadi hiyo ya kufungua inasema mengi kuliko saa. Anayetazama mpira saa mbili mfululizo ana uvumilivu wa kutosha. Anayefungua simu mara mia moja na hamsini kwa siku, sekunde ishirini kila mara, ndiye atakayeteseka mbele ya tupa, kile chuma chenye meno cha kusugulia chuma kingine.

Simu ipangiwe, isinyang'anywe

Kunyang'anya simu kunazaa simu ya pili iliyofichwa, au kijana anayehamia kwa jirani. Tena simu ni kifaa cha kazi: wateja wa milango na vitanda leo wanatuma picha kwa WhatsApp. Kinachotakiwa ni saa zenye mipaka.

Wiki ya kwanza usipunguze kitu, pima tu. Kuanzia wiki ya pili weka nyakati tatu zisizo na simu: saa za kazi, wakati wa kula bukari (ugali), na kuanzia saa nne usiku. Kwa saa za kazi, simu izimwe sauti na iwekwe kwenye kisanduku chenye kifuniko, mbali na meza. Simu iliyolala mezani inavuta jicho hata ikiwa kimya. Mwambie waziwazi: "Papa, simu ni yako, na kisanduku hakina kufuli. Ila ukikifungua kabla ya muda kwisha, tunaanza kuhesabu upya." Mzazi naye aweke yake humo. Patro anayeongea na simu huku anafundisha hana haki ya kulalamika.

Usiku ndipo vita ilipo. Mega za usiku (bando la intaneti) ni za bei ndogo, na kuranti (umeme) ikikatika mchana mara nyingi inarudi watu wakiwa wamelala. Kijana anaamka kuchaji, anabaki macho hadi saa tisa. Asubuhi anashika chuma chenye makali akiwa amelala kwa muda wa saa tatu tu. Dawa ni sehemu moja tu ya kuchajia kwa nyumba nzima, sebuleni au chumbani kwa wazazi, na simu zote ziachwe pale zikiwa zimechomekwa kabla ya kulala, kuranti iwepo isiwepo. Ikirudi zitajichaji zenyewe.

Vikundi vya WhatsApp vinyamazishwe kimoja kimoja. Kazi ya dakika kumi, na mara nyingi inatosha kupunguza nusu ya mara za kufungua simu.

Vifaa

Usinunue seti ya sanduku la plastiki yenye vipande hamsini. Bisibisi zake hupinda kwenye skurubu ya kwanza. Nunua vichache vizuri, hata vya mitumba. Nyundo ya gramu 300. Ile ya nusu kilo na zaidi inachosha kiwiko na kufundisha woga. Tupa bapa ya sm 25 yenye meno ya kati, na nyingine ya meno laini. Msumeno wa chuma wenye wembe wa sm 30, meno 24 kwa inchi. Ekere ya chuma, ya kupimia pembe. Mita ya utepe ya mita 3, na rula ya chuma ya sm 30. Msumari mrefu ulionolewa wa kuchorea. Pwento ya kuweka alama ya shimo. Mkasi wa bati. Patasi moja ya chuma. Jiliwa, kifaa cha kubana chuma mezani, lenye midomo ya sm 10 linatosha. Miwani ya plastiki inayoziba pembeni, brashi ya waya na chaki.

Jiliwa lifungwe kwenye meza isiyotikisika, boliti nne, na kimo chake kimfuate kijana: asimame wima, akunje mkono ngumi ikagusa kidevu, kiwiko kiguse juu ya midomo ya jiliwa. Likiwa chini zaidi, mgongo unauma kabla ya nusu saa na utadhani ni uvivu.

Wiki ya 1 na ya 2: tupa na msumeno

Tupa ndiyo dawa kamili ya kidole cha kioo. Inadai nguvu, polepole, na inajibu mkononi: unasikia kwenye kiganja kama inakula au inateleza. Kata kipande cha chuma bapa cha mm 40 kwa 8, urefu mm 62, umwachie kijana akifikishe mm 60 kamili, pande zote zikiwa na pembe ya ekere.

Mguu wa kushoto mbele kwa anayetumia mkono wa kulia, kiganja cha kulia kwenye mpini, cha kushoto kwenye ncha. Sukuma kwa urefu wote wa tupa, kama mara 40 kwa dakika. Tupa inakata ikienda mbele tu. Ikirudi, iinue kidogo, maana kuiburuta kinyume kunaua meno. Makosa ya mwanzo yanafanana kwa wote: uso wa chuma unatoka umevimba katikati, kingo zimeshuka. Sababu ni kwamba tupa inayumba kama mizani. Mwanzoni mwa msukumo mkono wa mbele ndio ubonyeze zaidi. Katikati, mikono yote iwe sawa. Mwishoni, mkono wa mpini uzidi. Kijana hatalishika jambo hili kwa maneno. Mwekee ekere juu ya kipande, uinue kuelekea mwanga: pale mwanga unapopenya ndipo palipoliwa kupita kiasi. Akague baada ya kila misukumo ishirini, siyo mwisho wa siku.

Tupa ikianza kukwaruza mistari mirefu, meno yameshika vumbi la chuma. Isafishe kwa brashi ya waya kufuata mwelekeo wa meno, kisha ipake chaki. Asiguse uso wa chuma kwa vidole wala kuupuliza: mafuta ya mkono huifanya tupa iteleze, na vumbi huingia machoni.

Msumeno una sheria zake. Meno yatazame mbele, wembe ukazwe hadi utoe mlio ukigongwa kwa ukucha. Angalau meno matatu yawe ndani ya unene wa chuma wakati wote. Kwenye bati jembamba meno hunasa na kung'oka, kwa hiyo libane kati ya mbao mbili nyembamba ukate vyote pamoja. Wembe ukivunjika, mara nyingi ni kwa sababu amegundua anakwenda upande na kujaribu kuurudisha kwa kuupinda. Mstari ukipotea haurekebishwi kwa nguvu. Geuza kipande, anza upande wa pili.

Muda: wiki ya kwanza dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika bila simu, mara tatu kwa siku. Wiki ya pili dakika 40. Wiki ya tatu saa nzima. Usiruke hatua ukiona anafurahi. Malengelenge hutokea siku ya tatu au ya nne, asiyapasue. Mapumziko yasiwe ya kukaa na kioo kingine. Anywe maji, atembee, atazame mbali ili macho yapumzike.

Na sasa jambo ambalo ni gumu kuliko tupa. Kwenye simu kila kosa lina kitufe cha kulifuta. Chuma kilichopungua milimita mbili hakirudi. Kijana atataka kukitupa kabla hujakiona, au atakuonyesha kwa upande ule mzuri. Weka kanuni moja: hakuna kipande kinachotupwa. Kila kilichoharibika kiandikwe kwa chaki kosa lake ("nilipima kutoka ncha iliyochakaa", "tupa iliyumba"), kikae kwenye rafu, kisha kitengenezwe kitu kidogo zaidi: bawaba, ndoano, sahani ya boliti. Hapa mzazi anayefoka anaharibu kazi ya wiki mbili kwa sentensi moja.

Kupima

Dakika kumi na tano kila siku, kabla ya kazi. Vijana wengi husema "kumi na tano" bila kusema ni nini; atelie inafanya kazi kwa milimita, na azoee kusema milimita tangu siku ya kwanza. Mwonyeshe kwamba ndoano ya mita ya utepe inacheza mbele na nyuma kwa makusudi. Inaingia au kutoka kwa unene wake yenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukiivuta au ukiisukuma ukutani. Anayeigonga kwa nyundo "ikaze" ameiharibu. Rula iliyochakaa ncha ianziwe kwenye sm 10, kisha utoe kumi.

Mchezo mzuri: akisie urefu wa vitu kumi vya lupango kwa jicho, aandike, ndipo apime. Baada ya wiki mbili jicho linaanza kusema kweli.

Wiki ya 3 na ya 4: mbabula

Kazi ya kwanza kamili iwe kitu ambacho mama wa nyumbani atakitumia na kukilalamikia. Mbabula, jiko la makala (mkaa), inafaa kuliko chochote: ina kupima, kukata, kukunja, kutoboa na kuunganisha, na haihitaji mashine ya kuchomelea.

Malighafi ni pipa la lita 200. Uliza lilikuwa na nini. La dawa za mgodi au sumu, liache kabisa. La mafuta, lioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, vifuniko vyote viwili wazi, na lifunguliwe kwa patasi, kamwe si kwa diskeze (mashine ya kukatia yenye disku) wala moto, kwa sababu mvuke uliobaki hulipuka. Mabati ya nyumba yaliyopakwa zinki yasitumike: yakipata joto la makala yanatoa moshi unaoleta homa na kifua.

Pipa lina mikanda miwili iliyovimba inayoligawa sehemu tatu, na kila sehemu inatoa viwiliwili viwili. Kipenyo cha mbabula ni sm 25. Kwa hesabu: 25 mara 3.14 ni 78.5, ongeza sm 2 za kupishanisha, unapata bati la sm 80.5 kwa 20. Mwache kijana apige hesabu mwenyewe kwa kalamu. Akishachora, apime pembe kwa pembe. Mistari yote miwili ikaribie sm 83 na ilingane. Isipolingana, mbabula itasimama kama mlevi.

Kila tundu lifanywe bati likiwa bado limelala, kwa sababu likishakunjwa nyundo haina pa kuegemea. Mlango wa hewa ni sm 10 kwa 7, katikati ya urefu, sm 3 juu ya ukingo wa chini. Ukatwe kwa patasi juu ya kipande cha reli. Matundu matatu ya boliti za kubeba chujio (sahani ya matundu inayoshika makala) yawe sm 11 kutoka chini, yakiachana sm 26. Ya riveti yawe upande mmoja tu kwa sasa, sm 1 kutoka ukingo: kwenye sm 2.5, 7.5, 12.5 na 17.5 za kimo. Kisha kingo zote zipigwe tupa mpaka zisikate ngozi. Huko ndiko watoto wadogo wa nyumba watashika.

Kukunja kunaanzia ncha mbili, si katikati. Weka bati juu ya bomba nene au gogo la mviringo, gonga kwa nyundo ya mbao, sm 10 za kila upande kwanza. Anayeanzia katikati anamaliza na ncha mbili bapa zisizokubali kujipinda, na mbabula inatoka na umbo la tone. Bati la pipa lina mkunjo wake tayari, litasaidia.

Riveti za msumari zinafundisha zaidi kuliko za bastola ya kupigia riveti. Chukua msumari wenye unene wa mm 4, ukate ubaki mm 8 chini ya kichwa: mbili ni unene wa mabati mawili, sita ni chuma cha kutengenezea kichwa cha pili, yaani mara moja na nusu ya unene wa msumari. Ukizidi, unapinda. Ukipungua, kichwa hakikai. Toboa tundu la juu upande wa pili, piga riveti, toboa la chini, piga, ndipo yale mawili ya kati. Anayetoboa yote manne kwa mpigo atakuta la mwisho halikutani na mwenzake.

Chujio ni sahani ya sm 24.5 kutoka kitako cha pipa. Kitako kimoja kinatoa mbili. Matundu ya mm 10, umbali mm 25 kati ya vitovu. Yakizidi, mbabula inakula makala mbio na sahani inapinda. Yakipungua, makala yanalala meusi. Boliti tatu za mm 6, zinazoingia ndani kama mm 20, zinaibeba. Miguu mitatu, na ni mitatu kwa sababu minne inayumba kwenye udongo usio sawa: vipande vya bati vya sm 4 kwa 16, vikunjwe pembe kwa urefu, boliti mbili kila mmoja, vitokeze sm 8 chini. Vishikizo vitatu vya sufuria juu, vitokeze sm 3 juu ya ukingo ili moto upumue.

Ukaguzi: sufuria ya lita 5 iliyojaa maji juu yake, isukume kwa kidole. Ikicheza, tafuta mguu mrefu. Kisha moto wa kwanza uwashwe nje, nusu saa nzima, rangi ya pipa iungue yote kabla ya kupika chakula. Mwambie pia kwa nini mbabula haiingizwi chumbani usiku wa baridi wa mwezi wa sita: makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hawaamki.

Mbabula ya kwanza itakuwa mbaya. Ya tatu itauzwa.

Kwa mwenye vidole vyepesi asiyependa makelele ya bati kuna njia nyingine ya mji wetu, picha za shaba ya kugongwa. Karatasi ya shaba ya nusu milimita, iliyowekwa juu ya mpira wa tairi, hugongwa kutoka nyuma kwa ncha butu. Ikigongwa sana inakuwa ngumu na kupasuka; irudishwe kwenye makala mpaka iwe nyekundu ya giza, ipoe, italainika upya. Kugongwa kunaifanya ngumu, moto unailainisha, na kijana anajifunza kusoma chuma kwa mkono.

Simu ikirudi kazini

Kuanzia wiki ya nne simu iwe na kazi. Video ya fundi ni nzuri ikitumiwa hivi: atazame mara moja, isizidi dakika tano, azime, achore hatua kwa kalamu kutoka kichwani, afanye. Akikwama ndipo arudi kwenye sekunde ile aliyokwama. Anayetazama video sita mfululizo hujisikia fundi na bado hajagusa kitu. Ajihadhari pia na video za nchi zenye mashine. Ajiulize kila mara hatua ile inafanywaje kwa tupa na patasi.

Kila Ijumaa apige picha ya kazi, pembe ileile, mwanga uleule, rula ikiwa pembeni. Hizo ndizo atakazomwonyesha patro.

Spika za masikioni marufuku kabisa karibu na mashine. Waya wake hunaswa na mashine ya kutobolea, na asiyesikia hajui disku imebadilisha mlio kabla ya kupasuka.

Wiki ya 5 na ya 6: kelele, cheche na kuranti

Hizi zifanyike kwenye atelie ya mtu unayemwamini, nusu siku, kama mgeni. Aliye chini ya miaka 18 atazame diskeze na uchomeleaji, asishike. Mfundishe kusoma disku: mzunguko ulioandikwa juu yake uwe mkubwa kuliko ule wa mashine. Diskeze ndogo ya mm 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na disku yake huwa na alama ya 13,300. Kwenye pete ya chuma ya katikati kuna tarehe ya mwisho. Kinga ya disku isiondolewe, hata patro akifanya hivyo.

Mwanga wa kuchomelea hauumizi papo hapo, ndiyo maana vijana wanaudharau. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, kama mchanga ndani ya macho. Kioo cha kofia kiwe namba 10 au 11, na anayetazama pembeni anahitaji kinga sawa na anayefanya.

Kumpeleka atelie

Fika siku ya kazi bila taarifa, simama dakika ishirini. Angalia kama wanagenzi wanashika chuma au wanafagia na kutumwa maji tu. Kufagia mwezi mmoja si vibaya, mwaka mmoja ni wizi. Ongea na patro mbele ya kijana: saa za kuingia, nani analipa taksi na chakula cha mchana, ada ya kujifunza kama ipo na inalipwa kwa awamu gani, kifaa kikivunjika ni cha nani, na baada ya miezi mingapi ataanza kupata kitu mkononi. Yaandikwe kwenye karatasi mbili, zisainiwe. Code du travail, sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaujua mkataba wa uanagenzi, huombi upendeleo. Anayetaka cheti atazame INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kituo hapa Lubumbashi, au shule za ufundi kama ITI Salama.

Wasichana wasiulizwe kwa nini wamekuja. Tupa haijui mkono ni wa nani. Ila uliza kama kuna mahali pa kubadilishia nguo panapofungika.

Mwambie patro habari za kisanduku cha simu na muda aliouzoea kijana, saa nzima bila kupumzika. Akubaliane naye saa moja maalumu ya kutazama ujumbe, kwa mfano saa sita na nusu. Mwezi wa kwanza mzazi apite mara moja kwa wiki, asikae.

Wako pia watakaofaulu tupa na vipimo lakini kelele na jua la atelie vikawashinda. Hao usiwarudishe nyumbani. Wajaribu kufunga upya koili za mota ya pampu, kushona, au kutengeneza simu zenyewe: bisibisi za mm 1.2, kibano, hadubini ndogo, na chuma cha kulehemu kilichowekwa kwenye nyuzi joto 350 hivi, ambacho kikigusa sehemu moja zaidi ya sekunde tatu au nne kinang'oa njia ya shaba kwenye bodi.